Kofi Halikuwa la Fifi

Ngeleka alikuwa na sauti kubwa. Watu wa Alunguli walimsikia kila asubuhi kabla ya kumwona. Aliteremka njia ya mtoni akiimba. Alipanda mtumbwi akiimba. Alipofika ng'ambo, wabebaji wenzake walikuwa wamekwisha kujua kwamba kapita anakuja.

Kapita ni mkubwa wa wabebaji. Ngeleka alifanya kazi hiyo katika ghala la Depo Tusonge, karibu na kituo cha treni cha Kindu. Treni ilipoleta mizigo, wabebaji waliingia ndani ya mabehewa na kushusha magunia na masanduku. Mzigo mzito hautaki kila mtu avute kwa wakati wake. Unataka watu wainue pamoja. Kwa hiyo Ngeleka alipiga filimbi, kisha akaimba kwa Kiswahili cha Kindu, ambako "njo" ni "ndiye":

"Nani njo anabeba?"

Wabebaji wakajibu kwa nguvu: "Sisi njo tunabeba!"

Kwenye neno la mwisho, mzigo uliondoka chini. Ndivyo walivyofanya kazi, na migongo yao ilikuwa salama.

Nyumbani nako wimbo ule uliingia. Mke wake, Ndaya, aliuimba akikanda unga wa mikate aliyouza sokoni. Binti yao Fifi aliuimba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hata Alain, mdogo wake Fifi, ambaye maneno yalikuwa bado yanampa shida, alijibu "beba!" na kuinua kiatu cha baba yake juu ya kichwa. Wote walicheka.

Halafu Jumatatu moja, treni ilileta mashine yenye mikono miwili ya chuma. Pamoja nayo alikuja shefu mpya, Bwana Blanchard, amevaa tai. Wabebaji walikuwa wamejipanga, wanangoja kazi.

"Kapita njo nani?" Blanchard aliuliza.

"Njo mimi, shefu."

"Leta ile filimbi."

Ngeleka akaivua shingoni. Blanchard akaitia mfukoni.

"Kuanzia leo hakuna tena kapita. Hakuna tena kuimba hapa. Mashini itabeba. Wewe utakaa kwa bariyeri. Gari ikikuya, unainua. Ikipita, unashusha. Tumesikilizana?"

Wabebaji wote walimtazama Ngeleka. Waliingoja ile sauti kubwa.

"Ndiyo, shefu," Ngeleka alisema polepole.

Akaenda getini, akakaa kando ya bariyeri, ule mti wa kufunga njia.

Mimi ninayeandika hapa nakasirika kila ninapofika mahali hapa. Mtu ametumikia depo tangu ujana wake, halafu anasogezwa kama kiti! Mbele ya vijana aliowafundisha kazi! Hakuna aliyemwita pembeni. Hakuna aliyemweleza sababu. Najua, kazi hubadilika na mashine huja. Lakini mdomo wa kueleza Mungu alitupa bure. Kwa nini wakubwa wanaubania hivyo?

Basi, nina hasira nyingine pia. Ni ya mambo yaliyofuata nyumbani.

Ngeleka hakumwambia mke wake. Aliondoka asubuhi kama kawaida, lakini bila kuimba. Alirudi jioni, akasukuma sahani ya fufu pembeni. Usingizi ulimkimbia. Kichwa kilimuuma. Alianza kupita kwa wauzaji wa pombe ya lotoko kabla ya kuvuka mto. Alain akidondosha kikombe, alifoka. Kuku akipita mlangoni, alifoka.

"Una nini, Baba Fifi?" Ndaya aliuliza.

"Sina kitu."

Fifi alijifunza haraka. Baba yake alikuwa na kawaida ya kukohoa akifika kwenye ua. Fifi akisikia kikohozi kile, alimbeba Alain na kutoka naye kupitia mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mtoto wa miaka kumi na mbili asingepaswa kujua kazi kama hiyo.

Siku moja soko la Alunguli halikuwa na wateja. Ndaya akavuka mto kwenda kuuza mikate karibu na kituo cha treni. Alipita mbele ya Depo Tusonge, beseni kichwani. Akamwona mume wake amekaa getini. Ngeleka naye akamwona. Kisha akageuza uso, akatazama upande mwingine, kana kwamba amepita mwanamke asiyemjua.

Ndaya hakusimama. Alitembea mpaka kituoni, akaweka beseni chini, akashindwa kuita mteja hata mmoja. Aliona uchungu mkubwa. Mume kukosa kazi nzuri, hilo angelivumilia. Lakini kukataliwa barabarani na baba wa watoto wake!

Jioni ile Fifi alikuwa anatwanga sombe. Alisahau. Mchi ulipanda na kushuka, na wimbo ukatoka wenyewe:

"Nani njo anabeba?"

Ngeleka alikuwa ameingia bila kukohoa. Alivuka ua kwa hatua ndefu na kumpiga Fifi kofi. Kinu kilianguka. Sombe ikamwagika mchangani.

"Nyamaza! Usiimbe tena ile kitu!"

Fifi alishika shavu. Kwanza hakulia, maana baba yake hakuwahi kumpiga. Kisha akalia kwa sauti, na Alain akalia naye.

Upande wa pili wa ua aliishi Mama Adèle. Alikuwa muuguzi. Katika kituo cha afya, kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu waliopatwa na mambo mazito: waliofiwa, walioumizwa, waliokimbia vita. Alikuja na kitambaa chake cha jikoni bado mkononi.

"Baba Fifi, nimesikia kofi. Nimesikia na mutoto analia. Sikukuya kusalimia. Niko na kasirani."

"Mama Adèle, hii njo nyumba yangu."

"Najua. Na ule njo mutoto wako. Amefanya nini?"

"Ameimba."

"Ameimba! Kuimba njo makosa?"

Ngeleka alikaa kwenye kizingiti. Ndaya alikuwa amemkumbatia Fifi.

"Nitasema mimi, sababu yeye anakataa," Ndaya alisema. "Leo nimemuona kwa bariyeri ya depo. Si kapita tena. Ameniona, akageuza uso. Mimi bibi yake! Kama muntu asiyenijua!"

"Ni kweli, Baba Fifi? Wamekuondoa kwa kazi yako?"

"Wameniondoa."

"Pole sana. Ile ni jambo nzito. Lakini niambie: Fifi njo alikuondoa?"

"Hapana."

"Fifi njo alikamata filimbi yako?"

"Hapana."

"Basi ile kofi haikukuwa ya Fifi. Kasirani yako iko na sababu. Lakini umeileta kwa muntu mwenye hakukosea. Hata mwenye amekosea, hatumupige. Na mutoto, hata siku moja."

Ngeleka alisimama kwa hasira. "Mimi si kichaa! Wewe unatunza wagonjwa wa kichwa. Enda kwao!"

Mama Adèle alivuta kigoda, akakaa.

"Nani amesema wewe ni kichaa? Sikiliza. Muntu akigongwa na sanduku, mukono inavimba. Muntu akigongwa na habari ya gafula, roho nayo inavimba. Unalala?"

"Hapana."

"Unakula?"

Ndaya alijibu badala yake. "Anaangalia chakula kama ni mawe."

"Kila sauti inakukasirisha. Kichwa inauma. Unataka kujificha, hata bibi yako asikuone. Ile yote si bukichaa. Ile njo kidonda. Kama ungekuwa unacheka tu, pale njo ningeogopa. Sasa, ulimuuliza shefu sababu gani amefanya vile?"

"Shefu haulizwi."

"Nani alikuambia?"

Ngeleka alikaa tena. 

"Lukusa aliuliza," alisema.

Ndaya alilijua jina hilo, lakini habari yenyewe aliijua nusu tu. Fifi hakuijua kabisa. Jioni ile Ngeleka aliisimulia yote.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni zilikuwa hazifiki tena. Wenye bunduki waliingia depo na kulala humo. Ngeleka alikuwa kijana, mbebaji tu. Kapita wake aliitwa Lukusa, mtu wa Kasai kama Ngeleka mwenyewe. Ni yeye aliyemfundisha wimbo. Asubuhi moja wenye bunduki waliwapanga wabebaji na kusema: kuanzia leo mtabeba risasi zetu mpaka msituni. Lukusa aliuliza neno moja tu: "Sababu?" Walimpeleka nyuma ya depo. Wabebaji walisikia mlio wa bunduki. Kisha mmoja wa wale watu akarudi, akauliza kama kuna mwingine mwenye swali.

"Nilisema ndiyo, nitabeba," Ngeleka alisema. "Niliangalia chini, nikabeba. Njo maana niko hai. Blanchard alipotupanga musitari vile, akasema 'kuanzia leo', mudomo yangu ilijifunga yenyewe."

Mama Adèle alipangusa uso kwa kile kitambaa cha jikoni.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Ile 'ndiyo' iliokoa maisha yako. Hakuna muntu wa kukulaumu. Lakini vita iliisha, Baba Fifi. Amani walitangaza kwa redio, basi. Hakuna hata mumoja alikuya hapa kutuambia: sasa munaweza kuuliza. Blanchard iko na bunduki?"

"Hapana."

"Iko na nini?"

Ngeleka alifikiri. "Iko na tai."

Ndaya alikuwa bado ana uchungu, lakini kicheko kilimponyoka.

"Tai haiuwe muntu," Mama Adèle alisema.

Niseme ukweli, hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Tumejaa watu kama Ngeleka. Hofu ya vita tuliibeba mpaka ndani ya amani, na hakuna aliyetusaidia kuitua. Wakubwa wengi wanaikuta hofu hiyo tayari, wanaitumia bure. Mfanyakazi anasema "ndiyo, shefu" mchana, halafu jioni mtoto wake anapigwa. Kisha tunasema ni tabia ya wanaume! Si tabia. Ni kidonda kisichotunzwa, na kutokukitunza ni makosa.

"Sasa nifanye nini?" Ngeleka aliuliza. "Niende kesho nimugombeze?"

"Kesho hapana. Bado uko moto. Anza hapa. Fifi anangoja neno yako. Tena usimufiche kitu Mama Fifi. Muzigo unabeba peke yako, wakati uko na nyumba muzima! Na lotoko uiache. Inakulaza kidogo, halafu inakuamusha na kasirani ileile. Ukisikia kasirani inashuka kwa mukono, toka. Tembea mpaka mutoni, rudi. Sema na wenzako wa kazi, sababu nao wamebadilishiwa. Ukitulia, enda kwa shefu. Mwambie yaliyokuumiza. Muulize sababu. Muombe unachotaka."

"Na akikataa?"

"Anaweza kukataa. Kazi ya zamani inaweza isirudi. Enda ukijua vile. Lakini muntu akijua sababu, analala. Na kituo chetu kiko pale. Ukiona usingizi bado inakukimbia, ao unawaza kujiumiza, kuya kwangu siku ileile. Usingoje."

Mama Adèle alipoondoka, Ngeleka aliinama akaanza kuokota sombe mchangani. Kisha akamgeukia Fifi.

"Nilikupiga. Ni makosa yangu. Wewe haukukosea kitu. Unisamehe."

"Nilizani wimbo ni yetu, papa," Fifi alisema.

"Ni yetu."

Fifi alitikisa kichwa kukubali, lakini hakumsogelea. Kesho yake baba alipokohoa kwenye ua, alimbeba Alain na kutoka tena kupitia mlango wa nyuma. Ngeleka aliona. Iliuma. Lakini hakumwita. Kofi la mara moja haliondoki kwa neno la mara moja, na alijua hivyo.

Aliacha lotoko, kwa shida. Siku nyingine mikono ilimwasha kwa hasira, akatoka, akatembea mpaka mtoni. Alirudi ametulia, au nusu ametulia. Alimweleza Ndaya kila kitu cha depo: vumbi la magari, madereva wasiosalimia, aibu ya kuwaona vijana wakipita bila kujua wamwite nani.

"Juu ya nini uligeuza uso?" Ndaya aliuliza. Alikuwa hajaacha kuuliza.

"Niliona haya. Nilizani utaniona mudogo."

"Niliona mume wangu amekaa kwa jua bila maji. Njo kitu niliona."

Kisha wakajizoeza. Ndaya alivaa koti la mume wake la kanisani, akafunga kitambaa shingoni kama tai, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Unataka nini, wewe muntu wa bariyeri?" alisema kwa sauti nzito.

Ngeleka alifoka. Ndaya akasema hapana, rudia. Ngeleka akanong'ona. Ndaya akasema hapana, shefu hajasikia. Fifi alichungulia kutoka jikoni. Baba yake aliendelea mpaka maneno yakakaa sawa.

Alipokuwa tayari, alikwenda ofisini pamoja na Isidore, mbebaji mwenzake. Isidore alikuwa anachechemea. Sanduku lilikuwa limemwangukia mguuni ndani ya behewa, kwa sababu mmoja aliinua mapema na mwingine akachelewa.

"Shefu, siko hapa kwa kugombana," Ngeleka alisema. "Siku ile ulinikamata filimbi mbele ya wote. Iliniumiza. Nakuuliza: sababu gani?"

Isidore akasogea karibu naye.

Blanchard alilegeza tai.

"Wakubwa walituma mashini, wakasema ianze siku ileile. Dereva wake, watu wakiimba, hasikii muntu akilia mbele yake. Niliogopa ataponda muntu. Njo maana nilikataza kuimba."

"Juu ya nini haukutuambia?"

"Hamukuuliza."

"Sisi njo tulipashwa kuuliza?" Sauti kubwa ya Ngeleka ilirudi yote, hata walio nje waliisikia. Lakini mkono wake ulikaa palepale ubavuni. "Wewe njo shefu! Unabadilisha maisha ya watu, uwaambie sababu! Mashini haiingie ndani ya wagon. Mule bado ni mikono yetu. Angalia muguu wa Isidore. Hapakuwa na muntu wa kutuimbisha tuinue pamoja!"

Blanchard alitazama mguu wa Isidore. Hakuomba msamaha. Alisema atafikiri. Wakatoka.

"Amesema atafikiri tu," Ngeleka alimwambia Ndaya jioni. Usiku ule, hata hivyo, alilala mpaka asubuhi.

Wiki iliyofuata Blanchard aliwakusanya wafanyakazi. Aliwaeleza kazi ya mashine. Alisema kwamba mabadiliko mengine yakija, watayasikia mapema na watatoa maoni yao. Kisha akatoa filimbi mfukoni. Treni ikifika, Ngeleka ataongoza watu ndani ya mabehewa, na filimbi ikilia, mashine itasimama mpaka wimbo uishe. Siku zisizo na treni, atakaa getini.

Treni za Kindu tunazijua, huja kwa nadra. Siku za getini zilikuwa nyingi. Jina la kapita halikurudi. Ngeleka bado alikasirika, na mimi simlaumu. Ila sasa alijua hasira ile ni ya nani.

Jioni moja alifika kwenye ua, akakohoa. Fifi alikuwa anatwanga sombe. Tangu siku ile ya kofi, alitwanga kimya. Aliacha mchi, akanyoosha mikono kumchukua Alain.

Ngeleka hakuingia. Alisimama nje ya ua.

"Nimerudi na kasirani," alisema. "Si yenu. Ni ya bariyeri. Dereva mumoja ametupa maganda ya ndizi kwa miguu yangu."

Fifi alisita, Alain ameshikwa nusu.

"Ulimuambia nini, papa?"

"Nilimuambia ashuke, aokote."

"Aliokota?"

"Aliokota moja. Ingine niliokota mimi."

Fifi aliuma midomo asicheke. Akamweka Alain chini. Akashika mchi. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Kisha, macho yake yakiwa ndani ya kinu, akaimba kwa sauti ndogo sana:

"Nani njo anabeba?"

Ndaya aliacha kukanda unga. Ngeleka alishika nguzo ya ua kwa mikono yote miwili. Halafu akajibu, kwa sauti ambayo hata Mama Adèle aliisikia jikoni kwake:

"Sisi njo tunabeba!"

Alain alikimbilia ndani kutafuta kiatu.